Taja Kiasi: Kwa Wanaume Wenzangu Tunaomeza Mambo

Dereva yeyote wa utalii Arusha ukimtajia mwaka 2020 atatikisa kichwa kwanza, ndipo akujibu. Aprili ya mwaka ule safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na hata anga lilipofunguliwa tena tarehe 18 Mei wageni hawakuja. Mwaka 2019 Tanzania ilikuwa imepokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa kama 620,000. Sisi tunaoishi kwa posho ya siku na tipu ya mgeni hatukusubiri takwimu hizo zitangazwe. Tulizisoma mfukoni.

Ninachotaka kusimulia ni walichofanya wanaume. Pale nilipokuwa nikifanya kazi, kila asubuhi tulikuja yadi. Hakuna aliyetuita. Shati la kaki limepigwa pasi, kiatu kimepigwa rangi, mtu anafika saa moja kasoro kama siku ya kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA. Tunaosha Land Cruiser ambazo jana hazikwenda popote na leo hazitakwenda popote. Tunafuta mpira wa lile paa linalonyanyuliwa, tunasugua viti. Mwenzetu mmoja alikuwa na kawaida ya kuwasha friji ya ndani ya gari, anaisikiliza inavyonguruma, halafu anaizima. Kisha tunapanda na kukaa kwenye viti vya wageni, madirisha wazi, tunaongea mpira. Ligi yenyewe ilikuwa imesimama tangu Machi, kwa hiyo tulibaki kubishana juu ya faulo ya Morrison, ile iliyoipa Yanga bao moja dhidi ya Simba tarehe 8 Machi. Ukuta ulipangwa vibaya au haukupangwa vibaya? Faulo ile ilitulea wiki nyingi. Saa kumi na moja jioni kila mtu anashika njia yake, muda ule ule anaotoka mtu mwenye kazi.

Siku zote hizo sikumsikia hata mmoja akisema, "Jamani, kwangu unga umeisha." Na kwa wengi wetu ulikuwa umeisha.

Watu hudhani siri kubwa ya mwanaume ni mchepuko. Mimi, kwa niliyoyaona, nasema ni pesa. Anadaiwa kiasi gani, na nani, na mwisho wa kulipa ni lini. Mwanaume atakuambia habari za mwanamke wa pembeni akiwa ameshika glasi, tena kwa kujisifu, lakini deni lake hata mdogo wake wa tumbo moja halijui. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya afya ya akili ya wanaume, na siku hizi inazungumzwa sana, mimi siamini kwamba pa kuanzia ni machozi. Pa kuanzia ni kiasi. Shilingi ngapi.

Na sidharau kazi ya kutafuta. Kuna vijana mitandaoni wanaoandika kana kwamba kumtwika mwanaume mzigo wa familia ni ujinga wa zamani ambao ukiutupa leo kesho utakuwa na amani. Si hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, bado inamtaja mume kuwa ndiye mwenye wajibu wa kumtunza mke. Kwa Waislamu nafaqa, yaani matunzo, ni haki ya mke. Ukitoka hapo kuna ada ya mdogo wako, bati za nyumba ya mama kijijini, mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi, na rambirambi. Mimi mwenyewe napenda kuleta. Kuna raha ya mtu kuingia getini na mfuko wa nyama, watoto wakaupokea, ambayo sitaki mtu aniondolee. Shida inaanza pale mwanaume anapoamini kwamba yeye na ule mfuko ni kitu kimoja, kwamba siku hana mfuko hana haki ya kuingia getini. Ndipo unapomkuta mtu mzima amekaa ndani ya gari lililozimwa mpaka giza liingie, anasubiri watoto walale.

Mwanaume aliye katika hali hiyo huwezi kumtambua kwa huzuni, maana huzuni yenyewe haionyeshi. Mtambue kwa mambo mengine. Mgongo unamuuma na kila kipimo kinatoka safi. Ana vidonda vya tumbo visivyosikia dawa. Analala saa tatu usiku, saa nane macho yako kwenye dari. Anagomba kwa sababu taa ya choo imeachwa inawaka. Siyo taa, ni uniti za LUKU zimebaki mbili na hana ya kuongeza. Anaanza kubeti, na mkeka ukichanika anaweka mwingine ili kurudisha wa kwanza. Anapunguza kwenda kwenye misiba, kwa sababu huko kuna daftari la michango na jina lake litasomwa.

Na kuna lile ambalo wanaume tunalihofia kuliko yote. Nguvu zinapungua chumbani. Hapo mtu hafikirii mawazo aliyonayo, anakimbilia vumbi la Kongo na mizizi ya kwenye chupa ya Konyagi. Msongo wa mawazo na sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, vinaua hamu ya tendo la ndoa, daktari yeyote atakuambia hivyo. Presha na sukari navyo vinaweza, ndiyo maana ni vizuri kupima. Lakini hakuna vumbi linalotibu deni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani. Kwa makadirio ya mwaka 2019, kwa wanaume ilikuwa 12.6 katika kila watu 100,000, na kwa wanawake 5.4. Sasa weka hilo karibu na jambo lingine linalojulikana: wanaogundulika zaidi kuwa na sonona ni wanawake. Maana yake wao wanaonekana wakiwa wagonjwa, sisi tunaonekana tukiwa tumeshazikwa.

Mimi nilifunguliwa mdomo na Mchaga, na nalisema hili nikijua ndugu zangu wa Upare watanisuta.

Wachaga na Wapare ni watani, kama walivyo Wahehe na Wangoni, au Wazaramo na Wanyamwezi. Asiyejua utani huona ni matusi. Kumbe ni ruhusa. Mtani anaweza kukuambia jambo ambalo kaka yako angekuambia mngeacha kusalimiana. Msibani, wakati wanaume wengine wote tumekaa chini ya turubai tumekunja uso, mtani anaiga mwendo wa marehemu mpaka wajane wanacheka huku wanalia, na anaweza kulizuia jeneza mpaka alipwe. Wazee walijua kuna maumivu ambayo hayatoki kwa upole, wakaweka mtu wa kuyachokonoa, na wakakataza mtu huyo kuchukiwa.

Basi siku moja tulikuwa chini ya gari, mimi na mtani wangu wa Marangu, tunabadilisha bushi za springi za nyuma. Gari la jirani hilo, kibarua kidogo cha kupata hela ya mboga. Yeye kashika spana upande wa kushoto, mimi nimelala upande wa kulia, grisi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa kimya tangu asubuhi. Akasema, bila kunitazama, "Nyie Wapare ubahili umewazidi. Mpaka machozi mnaweka akiba."

Nikacheka. Nilicheka sana, nadhani kupita utani wenyewe. Yeye hakucheka. Akakaza nati, akasema, "Unadaiwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Nilipotaja kile kiasi kwa sauti, mara ya kwanza kusikika kikitoka mdomoni mwangu, nilishangaa kwamba kilikuwa na mwisho. Kichwani kilikuwa hakina mwisho. Mtani akapiga mluzi, akakaa kidogo, akataja cha kwake. Chake kilikuwa kikubwa kuliko changu, na nasema mpaka leo kwamba Mchaga hakubali kushindwa hata kwenye madeni.

Hakunipa ushauri wowote. Tulimaliza bushi, tukanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, tukaenda kula. Lakini usiku ule nililala.

Ndiyo maana huwa nasita mtu anaposema kwamba mila ndizo zilizotufanya wanaume tuwe mabubu. Mila gani? Ni kweli kijana akiwa jandoni hakutakiwa kupiga kelele chini ya kisu, na ni kweli tumelelewa kwa "jikaze kisabuni" na "mwanaume kaumbiwa mateso". Lakini jando hilo hilo lilimpa kijana kungwi, mtu mzima aliyekabidhiwa kumfunda na kumwelekeza. Utani ulimpa wa kumchokoza. Baraza la wazee lilimpa mahali pa kupeleka ugomvi wa nyumbani kabla haujafika kwa majirani. Sisi tumehamia mjini, tumepanga Sakina na Kwa Mrombo, tumebeba lile la kujikaza peke yake na mengine tumeyaacha kijijini. Halafu tunaliita hilo moja tulilolibeba "uanaume wa asili". Babu yangu angetushangaa. Yule mzee alilia hadharani ng'ombe wake alipokufa, na hakuna aliyemwambia si dume.

Kuhusu mama watoto. Nilimwambia jioni akiwa anaanua nguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa lawama, au kwa simu kwenda kwa mama yake. Akaendelea kukunja. Akasema, "Suruali zako hazijarudi na vumbi tangu mwezi wa tatu. Ulidhani nafua nini?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu anayekufulia nguo za safari anajua vumbi la Serengeti, anajua na lisipokuwepo. Alikuwa anajua kazi hakuna. Alichokuwa hajui ni kiasi, na kwa kuwa hakijui alikuwa amejiwekea chake kichwani, kikubwa mara tatu ya kile cha kweli, na juu yake kaongeza mwanamke. Wanaume wengi hunyamaza wakidhani wanamlinda mke. Wanamwachia atunge mwenyewe.

Akaniambia nilete daftari. Tukaandika anayedai, kiasi, na kama anaweza kungoja. Mwenye nyumba anangoja akielezwa, hangoji akikwepwa. Duka la mtaani linangoja. Kikoba chake yeye hakingoji, lakini kinaweza kukopesha. Shule ilikuwa imefungwa, ikatupa nafuu. Orodha ilipokwisha ilikuwa ukurasa mmoja, na ilikuwa yetu wote wawili. Sikusema neno hata moja kuhusu hisia zangu jioni ile, na sikuhitaji.

Sasa ushauri, kwa jinsi nilivyouona ukifanya kazi.

Taja kiasi. Usiseme "mambo magumu", kila mtu Tanzania hii anasema mambo magumu, na anayeambiwa hivyo hujibu "tupo pamoja" akaendelea na safari yake. Sema, "Kodi imepita miezi miwili na sijui pa kuipata." Sema, "Sijalala vizuri wiki ya tatu hii." Sema, "Daktari kaniambia mke wangu hatashika mimba nyingine, na sijamwambia mtu." Siyo lazima kiwe kiasi cha pesa, lakini kiwe kitu ambacho msikilizaji anaweza kukishika.

Chagua mtu. Kijiweni siyo mahali pake. Kijiwe ni kitamu, nakipenda, kahawa chungu na kashata na drafti ya vizibo vya soda, lakini kijiwe ni redio. Ukitaja deni lako saa moja, saa mbili liko stendi. Tafuta mtu ambaye amewahi kuona aibu yako na hakuigeuza kuwa hadithi. Kama unamtafakari na huna uhakika, angalia anavyosimulia habari za wengine mbele yako. Shehe au mchungaji anaweza kufaa sana, ila wengine watayageuza maneno yako kuwa mfano wa mahubiri Jumapili, jina limefichwa na kila kitu kingine kimeachwa wazi.

Fanyeni kitu. Wanaume kukaa kitini kutazamana machoni na kuulizana "unajisikiaje" inatushinda, na sioni sababu ya kulazimisha. Chini ya gari, shambani, mmebeba tofali, barabarani kuelekea Karatu, mnatazama mbele wote wawili. Maneno hutoka yenyewe mikono ikiwa na kazi. Usiyaseme ukiwa umelewa. Yaliyosemwa kwenye pombe, kesho yake wote mnajifanya hayakusemwa, na kuyarudia mara ya pili ni kazi kubwa kuliko ya kwanza.

Na ukiambiwa wewe, kazi yako ni ndogo: nyamaza kidogo, uliza swali moja, taja na lako kama unalo. Usimlinganishe na mtu aliye pabaya zaidi. Usimwambie asali, hata kama wewe unasali. Pengine anasali kuliko wewe. Na lisitoke hapo, hata kwa mkeo, hata kwa nia njema ya kumchangia, mpaka mwenyewe aseme.

Vijana wa miaka hii wana jambo ambalo sisi mwaka 2020 hatukulijua sana, nalo ni mikopo ya kwenye simu, hii ya kausha damu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, unabonyeza kubali kwa sababu mtoto ana homa. Siku ukichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa baba mkwe, kwa bosi, kwa mwalimu wa kwaya: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mkopeshaji wa namna hii hana shamba lako wala kadi ya gari lako. Dhamana aliyonayo ni aibu yako, na anajua wanaume ndiyo tunayoithamini kuliko shamba.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye kazini lilimpata. Alizima simu, akapotea. Tulimkuta Usa River kwa binamu yake, hajaoga, ndevu zimemea, anaongea habari za kutorudi kabisa. Deni lenyewe, riba na kila kitu, halikufika laki tano. Tulikaa naye. Baadaye akafanya jambo ambalo tangu hapo nawashauri wote: akaandika ujumbe mwenyewe, akawatumia ndugu na watu wa kazini na wa kanisani. "Nadaiwa laki nne na kitu na programu ya mkopo. Wakikutumia ujumbe kuhusu mimi usishangae, nimeshaanza kulipa." Wale jamaa waliendelea kutuma vitisho vyao, watu wakavisoma wakavifuta. Baba mkwe wake alimpigia kumuuliza kama amekula. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na yule kijana alifika karibu sana. Lakini akishakuwa ameyasema mwenyewe, hakuna aliyebaki na cha kumuumbua nacho.

Niseme kidogo kuhusu walimu wetu wapya wa uanaume. Wapo wa aina mbili mitandaoni. Wa kwanza anakuambia mwanaume wa kweli haombi, haombolezi, anaamka saa kumi alfajiri na kuoga maji baridi. Mengi yametafsiriwa kutoka kwa Wazungu waliopiga picha pembeni ya magari ya kukodi. Wa pili anakuambia mwanaume wa kweli analia. Huyu ana nia njema, na sina ugomvi na machozi. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim, na Yesu alimlilia Lazaro, kwa hiyo anayesema kulia ni kukosa uanaume akaanze kubishana na hao. Lakini naona tunageuza machozi kuwa mtihani mwingine. Nawajua wanaume ambao hawajalia tangu utotoni na wako salama, wanalala, wanacheka na watoto wao, wana watu wawili watatu wanaojua hali zao. Na nawajua wanaolia kila wakilewa na nyumbani hakuna anayejua wanadaiwa na nani. Mimi nikipewa nichague nitawachukua wale wa kwanza.

Kwa wavulana wetu sina mengi. Mwanangu alipoanguka na baiskeli nilimwacha alie mpaka akamaliza, basi. La muhimu zaidi ni kwamba anatuona mimi na mama yake tukifungua daftari mezani. Akikua atajua kwamba nyumba ina hesabu, na hesabu inaweza kuwa mbaya, na watu wakaendelea kula pamoja.

Kuna mahali ambapo mtani na daftari havitoshi. Kama wiki mbili zimepita na bado huna hamu ya kitu chochote, chakula hakina ladha, usingizi umepotea au umezidi, unajiona mzigo, huo ni ugonjwa na una matibabu. Usisubiri uokote makopo. Watu wanaogopa kwa sababu wakisikia afya ya akili wanaiona Mirembe, kule Dodoma, na utani wote mbaya unaoendana na jina hilo. Wengi wanaotibiwa sonona hawalazwi popote. Wanakwenda kliniki na kurudi nyumbani. Hapa kaskazini anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa sisi wa Arusha, au KCMC ukiwa Moshi. Dar es Salaam wapo Muhimbili. Utaongea na mtu, na pengine utapewa dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa ndipo uone tofauti, usizitupe siku ya tano ukasema zimeshindwa.

Na mwenzako akitamka kwamba afadhali afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake siku hiyo, ondoa vitu vya hatari pale alipo, mpeleke hospitali. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inakuhesabia kujaribu kujiua kuwa kosa, na nina hakika inawafanya wengi wajifiche badala ya kuomba msaada. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Natamani na sisi tufike huko. Lakini hofu ya kifungu isikuzuie kumfikisha mtu kwa daktari, ambaye kazi yake ni kutibu.

Ukifika mapokezi na ulimi ukakwama, huhitaji kueleza maisha yako yote dirishani huku foleni inasikiliza. Sema, "Nahitaji kliniki ya afya ya akili." Kama hilo nalo ni zito, sema silali na kichwa kinaniuma, wakuonyeshe daktari, halafu mlango ukifungwa umtajie yale mengine: tangu lini, mara ngapi kwa wiki, unakunywa kiasi gani, unadaiwa kiasi gani. Beba kadi ya bima kama unayo, na andika hayo kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, maana ukishakaa mbele yake utajikuta unasema mgongo.